Mama Wakio Aliyekuwa Vanaja

Hapa Voi kuna watu wanaosema kwamba familia ya Mzee Alexander Mwandawiro ilimfukuza mke wa Donald kwa sababu alikuwa Mhindi na mcheza sinema. Nimelisikia jambo hilo sokoni, nimelisikia nje ya kanisa, na juzi nililisikia katika ofisi ya serikali kutoka kwa kijana ambaye mama yake nilimfundisha kusoma. Mimi, Mama Thadeus, ni mjane wa Stephen, mwana wa kwanza wa mzee huyo, na nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa. Sina desturi ya kujibizana na watu barabarani. Kwa hiyo naandika, ili wajukuu wa nyumba hii wajue lililotokea, na wajue lilifanywa na nani.

Donald, mdogo wa mume wangu, alipata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo huko Madras mwaka 1962. Alirudi mwaka 1968 akiwa na cheti, sanduku la vitabu na mke. Mke aliitwa Annamma. Alikuwa Mkristo, tena wa kanisa la zamani kuliko letu, na hilo lilimtuliza Mzee, ambaye alikuwa katekista. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Tulidhani ni maringo.

"Ni mwalimu wa muziki," Donald alituambia.

Siku ile ile nilimwandikia kasisi barua nikimjulisha kwamba tumepata mwalimu wa muziki aliyesomea Madras, na kwamba nyumba yetu ingefurahi kumtoa aongoze kwaya. Niliweka sahihi yangu na cheo changu. Kasisi aliisoma barua hiyo mbele ya kanisa zima.

Mazoezi ya kwanza nilikuwepo. Annamma aliimba mstari mmoja ili kuwaonyesha, na sauti yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Akina mama wakatazamana. Hakuona haya. Aliwaambia wasimame wima, wavute pumzi, watazame mahali pamoja, na wasifungue kinywa kabla neno halijafika machoni. Baada ya miezi mitatu watu walisema kwaya yetu inapendeza kutazama. Kuhusu kusikiliza hawakusema sana.

"Mwalimu wa muziki asiyeimba?" nilimuuliza siku moja.

"Kwetu mwalimu haimbi, Mama Thadeus," alinijibu. "Anasikiliza."

Nililikubali jibu hilo. Lilikuwa na sura ya usomi.

Kidawida, lugha yetu ya milimani, alikijua haraka kuliko Kiswahili, kwa sababu ya Mzee. Mama mkwe wetu alikuwa amekwisha kufariki, na Mzee aliishi peke yake kule nyumbani, juu milimani. Kila likizo Annamma alipanda kwenda kumpikia. Wanawake wa huko walimjaribu kwa mzigo wa kuni, naye akaubeba, akaanguka nao, akacheka, akaubeba tena. Alipanda nyuma ya jiko mti mdogo ambao majani yake aliyatia katika maharagwe, na Mzee, ambaye alikuwa hali chakula cha mtu yeyote bila kulalamika, alikula maharagwe yale kimya hadi sahani ikang'aa. Mwaka 1969 alipozaliwa mtoto wa kike, Mzee alimpa jina la mke wake mwenyewe, Wakio. Tangu hapo Annamma akawa Mama Wakio kwa kila mtu.

Mambo yaliharibika mwaka 1973, na yaliharibikia mikononi mwangu.

Kanisa letu la Voi lilihitaji paa, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Niliona kwamba tukionyesha filamu ya Kihindi, wenye maduka, ambao wengi walikuwa Wahindi, wangenunua tiketi pamoja na jamaa zao wote. Nilimwomba Bwana Kurian, mwalimu wa hesabu kutoka India ya kusini aliyefundisha sekondari huku kwetu, atutafutie filamu huko Mombasa. Sikumwambia ya lugha gani. Nilidhani Kihindi ni kimoja. Bwana Kurian, kwa fahari kubwa, alileta filamu ya kwao, ya lugha ambayo hakuna mwenye duka hata mmoja wa Voi aliyeielewa.

Alhamisi aliiacha sebuleni kwangu, ikiwa katika makopo makubwa ya bati. Mama Wakio alipita kunirudishia ungo. Aliyaona makopo, akavua miwani, akainama kusoma maandishi yaliyobandikwa juu yake. Ukimwacha Bwana Kurian, katika watu waliopita pale siku ile ni yeye peke yake aliyeweza kuyasoma.

"Nani ameleta hii?"

"Bwana Kurian. Ni ya Jumamosi."

"Si nzuri. Mwambie alete nyingine."

"Umeiona?"

Alisita. "Nimeiona."

"Ina uchafu?"

"Haina uchafu."

"Basi tutaionyesha, Mama Wakio. Tiketi zimekwisha."

Ijumaa alirudi. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni.

"Mama Thadeus, nakuomba."

"Mtu mwenye sababu huitaja," nilimwambia.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua, akaondoka. Nimewaza sana kuhusu siku hiyo. Angeitaja sababu, nadhani ningeirudisha filamu. Lakini ningeirudisha kwa hasira, naye alinijua.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa reli ulijaa. Tulifunika madirisha kwa mablanketi. Mzee alikuwa ameshuka kutoka milimani akiwa na koti lake na kofia mkononi, maana hakuvaa kofia chini ya paa lolote. Alikaa mstari wa mbele, akifuatiwa na Stephen, kisha mimi, kisha Mama Wakio. Donald alikuwa kazini, akasema atachelewa.

Filamu ilipoanza yalitokea maandishi ya mviringo, kisha kisima, kisha msichana mwenye mtungi. Niliitambua ile shingo kabla sijauona uso. Nyuma yangu akina mama wa kwaya walianza kunong'ona. Msichana akatua mtungi, akafungua kinywa, akaimba, na sauti ilikuwa tamu kiasi kwamba wenye maduka, ambao walikuwa wameanza kunung'unika juu ya lugha, walinyamaza.

"Kumbe anaimba!" mmoja wa kwaya alisema.

"Miaka mitano ametunyima."

Mama Wakio alikaa mikono mapajani, anatazama mbele.

Halafu hadithi ikaingia msituni. Watu weusi walitokea kwenye vichaka wakiwa wamepakwa mafuta, wamevaa majani kiunoni, wakarukaruka na mikuki kuzunguka chungu. Wa tatu alikuwa Donald.

Ogutu, karani wa reli ambaye mdomo wake ulijulikana kutoka Voi hadi Miasenyi, aliita kutoka nyuma: "Jamani, huyo si Bwana Mifugo? Leo amekuja kuchanja ng'ombe gani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Donald mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameingia, amesimama karibu na mlango na viatu vyake vya kazi. Mzee alisimama. Akavaa kofia yake palepale ndani, akapita mbele ya mwanawe bila kumtazama, akatoka.

Asiyemjua Mzee atasema alikasirika bure. Mzee alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili alipovaa kaptura ya misheni, wa kwanza katika kijiji chao kuacha ngozi, na ami yake alimchapa kwa ajili hiyo hadi akashindwa kuketi. Maisha yake yote yalianzia kwenye kaptura ile. Alisomesha wana wawili ili pasiwe na mtu wa kuwaita washenzi. Na sasa mmoja wao, msomi, alikuwa amevaa majani mbele ya watu mia tatu.

Jumapili hakuna aliyemsalimu Mama Wakio kanisani. Baada ya ibada alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanieleza maisha yake yote huku nikichambua mchicha.

Alizaliwa mji uitwao Kottayam. Baba yake alikuwa karani wa shamba la mpira, akafutwa kazi. Mjomba wake alikuwa seremala katika studio ya filamu Madras, anajenga majumba ya uongo ya mbao na karatasi. Siku moja msichana wa kuigiza kama mdogo wa bibi harusi aliugua, na mjomba akamleta mpwa wake mwenye miaka kumi na mitano. Jina la Annamma halikuwafaa kwa mabango, wakampa jina la Vanaja. Aliigiza filamu kumi na nne katika miaka tisa. Katika sita kati ya hizo alikufa.

"Nilikufa vizuri, Mama Thadeus. Ndiyo maana walikuwa wananiita tena."

Mama yake alikaa kwenye stuli pembeni ya studio kila siku ya miaka ile tisa, asimwache azungumze na mtu. Taa za studio zilikuwa kali mno. Jioni macho yalivimba, na mama yake alimlaza na kumwekea vipande vya tango juu ya kope ili kesho yake aweze kuyafungua. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya ile miwani tuliyoiita maringo.

"Na ile sauti?" nilimuuliza.

"Si yangu. Kuna mama mmoja mnene, ana watoto watano, yeye ndiye anaimba ndani ya chumba. Mimi nafungua kinywa. Nimefungua kinywa miaka tisa."

Donald alikutana naye katika filamu ile ile. Studio ilikodisha wanafunzi sita wa Kiafrika, ikawavika majani. Wenzake walicheka wakafanya. Donald alifanya bila kucheka. Wakati wa mapumziko Vanaja aliinuka mbele ya mama yake, akampelekea yule mtu wa majani gilasi ya chai, akamwomba radhi. Watu wa studio walidhani ni mchezo. Alipokuja kusema kwamba ataolewa naye, baba yake alimwendea padri wa kwao, akaomba binti yake, aliye hai, asomewe sala za wafu.

"Kwa hiyo kule nimekwisha kufa," alisema. "Baba asiponirudisha mezani pake, sina mlango mwingine."

Kwa kusema Baba alimaanisha Mzee wetu.

"Uliniacha nimwandikie kasisi," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Kwa mkono wangu mwenyewe. Ikasomwa."

"Ndiyo. Naomba unisamehe, Mama Thadeus."

Nilimwambia nimemsamehe. Niliyasema maneno hayo vizuri.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Mzee alikataa chakula alichokipika Mama Wakio. Hakumtukana, aliisogeza sahani tu. Donald aliitwa Majani hata na wachungaji aliokwenda kuwatibia ng'ombe, akaomba uhamisho wa Taveta, akaenda peke yake. Wakio, aliyekuwa na miaka mitano, alianza kushikwa na homa inayoondoka na kurudi. Daktari alisema ni malaria, nami nilikuwa upande wa daktari. Lakini wanawake wa milimani walisema katika nyumba ile kuna mtu aliyeficha hasira, na hasira ikifichwa humkalia mtoto.

Agosti 1974 Mzee alituita sote nyumbani, tutase.

Nitaeleza kwa wasiojua. Kwetu Udawida mtu aliyekasirikiwa na ndugu yake hawezi kupona mpaka hasira hiyo itolewe. Kila mmoja hushika maji kinywani, au mbangara kwa wale wanaokunywa pombe, huitaja hasira yake, kisha huyatema nje kwa nguvu, na hasira huenda nayo. Huko ndiko kutasa. Misheni haikupendezwa nako. Mzee, katekista wa miaka arobaini, alifanya kwa maji ya mfereji ndani ya kikombe cha bati, na akaahidi tutamaliza kwa Sala ya Bwana.

Tulisimama uani kwa duara. Wakio alikuwa mgongoni mwa mama yake, kichwa kimelala. Mzee alianza. Alisema alimkasirikia mwanawe kwa ajili ya majani, na mkaza mwana wake kwa kukaa kimya, na kwamba hasira hiyo itoke. Akatema mbali sana kwa umri wake. Donald, aliyekuja kutoka Taveta, alisema alimkasirikia mkewe kwa kumletea ile chai. Hapo Mama Wakio alitabasamu kidogo. Akatema. Stephen akatema.

Kikombe kikanifikia mimi.

Niliwaona majirani kwenye uzio. Niliona kwamba wawili kati yao walikuwa wazazi wa shule yangu. Niliwaza juu ya mwalimu mkuu, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akitema maji kama bibi yake. Niliwaza pia juu ya barua yangu, na nikaona kwamba nikiitaja hapo watu wataikumbuka. Nikasema, "Sina neno na mtu." Nikapiga funda. Nikageuza uso upande, nikafanya mdomo kama mtu anayetema, na maji nikayameza.

Nilipogeuka, Mama Wakio alikuwa anaitazama shingo yangu.

Alichukua kikombe, akasema kwa Kidawida kwamba anamwombea baba yake wa kwao, akatema hadi kwenye migomba, na Mzee akacheka kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Jioni ile Mzee alikula maharagwe yake. Homa ya Wakio iliisha kabla ya mwezi kwisha. Mimi nasema ni sindano.

Kwa macho ya watu mambo yalitengemaa. Mama Wakio alimfuata mumewe Taveta. Lakini nyumbani kwangu hakukanyaga tena, na katika sherehe za familia alikaa upande wa wageni. Kila akina mama wa ukoo walipohitaji jambo, walipitia kwangu kama mke wa mwana wa kwanza, nami nilisahau kumwita. Nilisahau harusi mbili na mazishi matatu. Hakuna anayesahau mara tano.

Mwaka 1977 alipata barua kutoka Madras. Mkurugenzi mmoja aliyemkumbuka alitaka mtu wa kuigiza mama. Donald alikuwa amezama katika pombe wakati huo. Mama Wakio alikuja Voi, akasimama mlangoni pangu kama ile Ijumaa.

"Nikibaki, mimi ni nani katika nyumba hii?"

"Hilo ni la Donald kukujibu," nilimwambia.

"Donald alitema. Baba alitema. Nakuuliza wewe." Alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu pembeni, na nadhani hayakuniona vizuri. "Mimi nilifanya kazi ya midomo, Mama Thadeus. Namjua anayeimba na anayefungua kinywa tu."

Wiki iliyofuata aliondoka na Wakio. Mzee alikwenda kumsindikiza hadi Voi, akarudi milimani bila kupita kwangu.

Hivyo ndivyo alivyofukuzwa. Mzee Mwandawiro hakumfukuza, Donald hakumfukuza, na Stephen, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua. Mtu asichafue jina lao.

Mzee alifariki mwaka 1980, Donald mwaka uliofuata, Stephen mwaka 1983. Mwaka jana, 1987, Wakio aliniandikia kwa Kiingereza safi. Mama yake alikuwa amepofuka kabisa. Studio ilimpa nafasi mbili za mama kipofu, kisha haikumwita tena. Wakio aliuliza kama katika shamba la baba yake kuna mahali pa mama yake kuishi. Wazee wa ukoo walikutana. Walisema aliondoka mwenyewe, si mke wetu tena. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa niliyebaki, wakaniuliza neno langu.

"Ni mke wetu," nilisema. "Aliondoka kwa sababu yangu." Sikueleza zaidi, nao kwa heshima hawakuuliza.

Basi kutoka Nairobi liliingia Voi saa tisa alasiri. Nilikuwa nimekwenda na kikombe cha bati cha Mzee ndani ya mkoba, na chupa ya maji. Stendi ilijaa watu. Ogutu, ambaye siku hizi amestaafu, alikuwa ameketi nje ya kioski kama kawaida yake. Wakio alishuka kwanza, mrefu, na shingo ile ile, akamshika mama yake mkono.

"Mama, huyu hapa Mama Thadeus."

Mama Wakio aliinua uso. "Miaka kumi na mitatu," alisema kwa Kidawida. "Hujachoka na hayo maji uliyoyameza?"

Nilimimina. Nilisema pale, kwa sauti ya darasani, kwamba nilimkasirikia mke wa Donald kwa sababu ya barua niliyoiandika mwenyewe, na kwa sababu yeye aliaibika mbele za watu akabaki mtu, na mimi niliogopa kuaibika hata mbele ya uzio. Nikapiga funda. Nikatema.

"Mwalimu, dawa chungu?" Ogutu aliita.

"Ametema?" Mama Wakio alimuuliza binti yake.

"Ametema."

"Mbali?"

"Hapana, Mama. Kwenye viatu vyake."

"Atajifunza," alisema, akanyoosha mkono, nikaushika.

Sasa yuko kule milimani katika nyumba ya Mzee, na ule mti nyuma ya jiko umekuwa mkubwa. Mimi hupanda kila Jumamosi. Sijui kama amenisamehe. Nikizungumza naye huinamisha kichwa na kusikiliza kwa muda mrefu kabla ya kunijibu, kama mtu anayetaka kwanza kujua sauti hii ni ya nani.